GEORGE BOOLE: Mwana wa fundi viatu aliyetuachia alama za kutafutia mtandaoni

KILA uchao watu wasiohesabika huandika neno moja au mawili katika kijisanduku cheupe cha mtandaoni, wakabonyeza kitufe, kisha wakangoja waletewe walichokitaka. Baadhi yao hukipata upesi. Wengine huletewa shehena ya kurasa zisizohusiana kamwe na haja yao, wakabaki kupekua hadi pesa walizowekea intaneti zikaisha.

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kilifi anayetafiti kuhusu tembo, lile linalogemwa kwenye minazi ya Pwani. Akiliandika neno hilo peke yake, ataletewa ndovu wa Tsavo na Amboseli, pembe zao na majangili wanaowaandama. Mwenzake aliye mjuzi ataandika: tembo mnazi -ndovu -Tsavo -Amboseli. Kwa alama hiyo ndogo ya kutoa iliyoshikamana na neno, wanyama hao wataondoka njiani na mgema atabaki juu ya mnazi wake.

Wengi hudhani ujanja huo ulizuliwa na vijana wa Marekani waliounda mitambo ya kutafutia katika miaka ya tisini. La hasha. Alama hiyo ya kutoa, kwa maana hiyo hiyo ya kubagua kitu kutoka katika jumla, ilikuwa imekwisha kuandikwa na mwanahisabati aliyefariki mwaka 1864, wakati ambapo hata simu ya waya haikuwa imebuniwa.

Mtu huyo ni George Boole. Hakuwahi kusomea shahada yoyote katika chuo kikuu, na mengi aliyoyajua aliyapata kwa kuyatafuta mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, katika mji ambamo vitabu vya fani yake vilikuwa adimu.

Darubini katika duka la viatu

Boole alizaliwa Novemba 2, 1815, mjini Lincoln, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, John Boole, alikuwa mshona viatu. Mama yake, Mary Ann Joyce, alikuwa amefanya kazi ya utumishi kwa watu wenye nafasi. Wawili hao walioana mwaka 1806 wakakaa miaka tisa bila mtoto, basi George alipozaliwa alipokewa kama tunu.

Mzee John alikuwa fundi wa viatu kwa kazi, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Alipenda hisabati na sayansi, akatengeneza darubini kwa mikono yake na kuwaalika watu waje waitazame mbingu. Mzazi wa namna hiyo huwafaa wanawe kwa elimu, lakini chakula ni jambo jingine. Biashara yake ilizidi kudhoofika mwaka baada ya mwaka.

Shule aliyosomea George ilikuwa ya kawaida, ya watoto wa wachuuzi na mafundi. Aila yake haikuwa na uwezo wa kumpeleka katika shule zilizofundisha Kilatini na Kigiriki kwa kina, lugha ambazo wakati huo zilikuwa ufunguo wa vyuo vikuu. Kilatini alianzishiwa na William Brooke, muuza vitabu wa mjini humo aliyekuwa rafiki wa babaye. Kigiriki alijifunza mwenyewe.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alitafsiri shairi la Kigiriki, na babaye, kwa fahari isiyofichika, akalipeleka kwenye gazeti la mji. Haukupita muda mrefu kabla ya mwalimu mmoja kuandika akikanusha kwamba mvulana wa umri huo angeweza kufanya kazi ya namna ile. Pengine hiyo ndiyo sifa kubwa zaidi aliyowahi kupewa utotoni, ingawa aliyeitoa hakukusudia kusifu.

Mwaka 1831 duka la viatu lilikuwa taabani. George, akiwa na miaka 16 tu, aliacha ndoto ya kuendelea na masomo akaenda kufundisha katika shule moja ya Doncaster ili awalishe wazazi wake, dada yake Mary Ann na nduguze wawili, William na Charles. Tangu siku hiyo hadi alipokuwa mtu mzima, mzigo wa nyumba nzima ulikuwa mabegani mwake.

Ni huko Doncaster alikoanza kuzama katika hisabati. Inasimuliwa kwamba aliichagua kwa sababu ya ukata: kitabu cha hadithi humalizika kwa siku mbili, lakini kitabu kigumu cha hisabati humchukua msomaji miezi mingi, basi thamani ya pesa yake huonekana. Alinunua kitabu cha Mfaransa Lacroix kuhusu kalkulasi, akakipitia peke yake bila mwalimu wa kumwonyesha alipokosea.

Baadaye mkewe alisimulia kwamba ni katika miezi hiyo ya Doncaster, akivuka uwanja mmoja kwa miguu, ambapo fikra ilimjia ghafla kwamba huenda mwendo wa akili ya binadamu unaweza kuandikwa kwa alama za hisabati. Alikuwa angali kijana wa miaka 17. Fikra hiyo ilikaa kimya kifuani mwake kwa zaidi ya mwongo mmoja.

Mwalimu asiye na shahada

Mwaka 1834, akiwa na miaka 19, alirejea Lincoln na kufungua shule yake mwenyewe. Wakati huo kulikuwa na chama cha elimu ya mafundi mjini humo, kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla, na Mzee John alikuwa msimamizi wa mali zake, vikiwemo vitabu. Kupitia chama hicho Boole alijuana na Sir Edward Bromhead, bwana mwenye ardhi aliyeipenda hisabati, ambaye alimwazima vitabu alivyovihitaji.

Fikiria hali ilivyokuwa. Mwalimu wa mji mdogo, akishafundisha wanafunzi kutwa nzima, huketi usiku na vitabu vya Lagrange na Laplace, vilivyoandikwa kwa Kifaransa, akivichimba mstari kwa mstari. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kipi ni muhimu na kipi ni cha kuachwa. Kuchuja huko alikufanya peke yake.

Mwaka 1835 alitoa mhadhara hadharani kuhusu Isaac Newton, ambaye naye alizaliwa katika jimbo hilo hilo la Lincolnshire. Miaka michache baadaye alianza kupeleka makala katika jarida la hisabati la Cambridge. Mhariri wake, Duncan Gregory, alimsaidia kuzinyoosha. Boole alipomwomba ushauri kuhusu kwenda kusoma Cambridge, Gregory alimtahadharisha juu ya gharama na juu ya mitihani ambayo ingemlazimu kuacha utafiti wake. Isitoshe, wazazi wake wangekula nini? Suala hilo likaishia hapo.

Mwaka 1844 makala yake kuhusu mbinu mpya za uchanganuzi ilichapishwa na Royal Society ya London, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo kikamtunuku nishani ya dhahabu. Mwana wa fundi viatu alikuwa sasa akisomwa na vigogo wa fani yake.

Hata hivyo, hakuwasahau watu wa kwao. Alijiunga na waliopigania wafanyakazi wa maduka ya Lincoln wapunguziwe saa za kazi, na mwaka 1847 akawahutubia kuhusu namna ya kuutumia vizuri muda wa mapumziko. Mtu aliyesoma usiku kwa sababu mchana haukuwa wake alijua alichokuwa akizungumzia.

Kondoo weupe wenye pembe

Mwaka huo wa 1847 mzozo ulizuka baina ya Augustus De Morgan, profesa wa hisabati wa London, na Sir William Hamilton, mwanafalsafa wa Edinburgh. Walikuwa wakigombania nani alitangulia kuvumbua jambo fulani katika mantiki. Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo na leo hii wachache wanaujali, lakini uliiamsha fikra iliyokuwa imelala kifuani mwa Boole tangu Doncaster. Aliketi, akaandika haraka kijitabu cha kurasa 82, na mantiki haikuwa tena ile ile ya awali.

Tangu zama za Aristotle, mantiki ilifundishwa kwa maneno. Boole alisema, kwa vitendo zaidi kuliko kwa majivuno, kwamba inaweza kufanywa kama hesabu. Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu ndipo ilipo siri ya kile kijisanduku cheupe.

Alianza na jumla ya vitu vyote vinavyozungumziwa, akaipa alama ya 1. Pasipokuwa na kitu chochote akapaita 0. Kisha akatwaa herufi kama x na kuipa maana ambayo mwalimu wa hesabu wa siku hizo hangeitarajia: x ni kitendo cha akili cha kuchagua. Katika vitu vyote vilivyopo, teua vile vyenye sifa fulani, uviache vingine.

Mfano alioutumia ni wa kondoo. Ikiwa x ni vitu vyeupe na y ni kondoo, basi xy ni kondoo weupe. Ukiongeza z kwa vitu vyenye pembe, xyz watakuwa kondoo weupe wenye pembe. Kila herufi inayoongezwa hupunguza kundi. Tena haidhuru uanze na lipi: ukiteua weupe kwanza kisha kondoo, au kondoo kwanza kisha weupe, mwisho utawapata wale wale.

Kisha akaona jambo la ajabu. Ukishateua kondoo, ukaambiwa uteue tena kondoo miongoni mwao, hupati kitu kipya. Kwa hivyo xx ni sawa na x. Katika hesabu za kawaida, ni nambari mbili tu zinazotii kanuni hiyo, nazo ni 0 na 1. Nambari hizo mbili ndizo zinazoendesha kila tarakilishi na kila rununu hivi leo, ijapokuwa Boole hakuota hata siku moja kuhusu vyombo hivyo.

Alama ya kutoa nayo aliipa kazi yake. Ikiwa x ni watu wote na y ni watoto, x - y ni watu wote isipokuwa watoto. Na 1 - x ni kila kitu kisichokuwa x. Hatimaye alama ya kujumlisha ilikusanya makundi mawili na kuyaweka pamoja.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona ninakoelekea. Nafasi tupu tunayoiacha kati ya maneno mawili katika mtambo wa kutafutia hufanya kazi ya Boole ya kuzidisha: inataka kurasa zinazohusu hiki pamoja na kile. Alama ya kutoa ni ile ile yake. Na pale tunapotaka hiki au kile, tunaandika neno OR kwa herufi kubwa katikati yake. Mitambo hiyo, kwa bahati mbaya, haijafundishwa kulichukua neno letu la AU kuwa amri.

Kwa wasemaji wa Kiswahili neno hilo la OR lina faida ya pekee. Lugha yetu hubadilisha neno kwa kichwa, si kwa mkia. Mkulima anayetafuta habari za zao lake anaweza kukosa ukurasa mzuri kwa kuwa mwandishi aliandika mihogo naye akaandika muhogo. Akiandika: mhogo OR muhogo OR mihogo, amefunga milango yote mitatu ya kutorokea. Vivyo hivyo kwa maharagwe OR maharage, kwani Wakenya na Watanzania hula chakula kimoja kwa majina mawili.

Yapo mengine ambayo Boole hakuyaandika lakini yamesimama juu ya msingi wake. Anayemtafuta malenga Shaaban Robert atapata akina Robert wa kila bara asipoyafunga majina hayo mawili kwa alama za usemi, moja kabla ya Shaaban na moja baada ya Robert. Hapo mtambo huambiwa uyatafute maneno yakiwa yameandamana kwa mpangilio huo. Katika aljebra ya Boole mpangilio haukuwa na maana. Wenye maktaba na wahandisi ndio walioongeza sharti hilo.

Anayehitaji nyaraka za serikali ya Kenya pekee naye huongeza site:go.ke mwishoni mwa maneno yake, bila kuacha nafasi baada ya nukta pacha, na akitaka zile za kupakua na kuchapisha huongeza filetype:pdf. Kwa lugha ya Boole, hayo ni makundi mengine mawili tu yanayozidishwa na lile la kwanza, kama vile pembe zilivyoongezwa kwa kondoo weupe.

Cork wakati wa njaa

Mzee John alifariki mwishoni mwa mwaka 1848, na mwaka uliofuata Boole akateuliwa kuwa profesa wa kwanza wa hisabati katika chuo kipya cha Queen's College mjini Cork, kusini mwa Ireland. De Morgan ni mmoja wa waliomwandikia barua za kumpendekeza. Ombi lake alikuwa ameliwasilisha tangu mwaka 1846. Hatimaye mtu aliyekosa chuo kama mwanafunzi aliingia kama profesa.

Alifika Ireland ikiwa katika msiba. Viazi, ambavyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini, vilikuwa vikioza mashambani kwa ugonjwa tangu mwaka 1845. Takriban watu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na idadi nyingine kama hiyo ikaikimbia nchi. Chuo kilifungua milango yake katika mji uliojaa wahitaji.

Ni katika mji huo alikoandika kitabu chake kikuu kuhusu kanuni za fikra, kilichotoka mwaka 1854. Humo aliipanua kazi ya 1847 na kuingiza nadharia ya uwezekano, yaani namna ya kupima matumaini ya jambo kutokea. Kilipokelewa kwa heshima, lakini walioelewa uzito wake walikuwa wachache. Vitabu vyake viwili vya kufundishia, cha 1859 na cha 1860, ndivyo vilivyosomwa zaidi na wanafunzi wa zama zake.

Mwaka 1855 alimwoa Mary Everest, msichana wa miaka 23, yeye akiwa na 39. Mary alikuwa amemjua kwa miaka kadhaa na kujifunza hisabati kutoka kwake. Baba yake mkubwa msichana huyo alikuwa Sir George Everest, mpimaji wa ardhi ya India ambaye mlima mrefu kuliko yote duniani ulipewa jina lake mwaka 1865. Ndoa hiyo ilijaliwa mabinti watano: Mary Ellen, Margaret, Alicia, Lucy na Ethel Lilian.

Mwaka 1857 Royal Society ilimfanya mwanachama wake. Chuo kikuu cha Dublin kilikuwa kimempa shahada ya heshima, na Oxford nacho kikafuata mwaka 1859. Mwaka 1862 alikutana mjini London na Charles Babbage, mzee aliyetumia maisha yake kusanifu mashine za kukokotoa. Mmoja alikuwa na mashine isiyokuwa na mantiki ya Boole, na mwingine alikuwa na mantiki isiyokuwa na mashine. Waliagana, na haukupatikana wakati wa kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Mwishoni mwa Novemba 1864 Boole alitoka nyumbani kwake Ballintemple, nje ya Cork, kwenda kufundisha chuoni. Mwendo ulikuwa wa kilomita tano hivi. Mvua kubwa ilimnyeshea njiani, lakini hakutaka kuwapotezea wanafunzi wake kipindi. Alisimama mbele yao na kufundisha akiwa na nguo zilizorowa chepechepe.

Homa ilimshika, ikawa nimonia. Katika aila yake ilisimuliwa kwamba mkewe, aliyeamini tiba zilizosema ugonjwa utibiwe kwa kile kilichouleta, alimfunika mgonjwa kwa shuka zilizoloweshwa maji. Kama hilo ndilo lililomuua au nimonia ingemuua vyovyote vile, hakuna wa kuhukumu leo. Aliaga dunia Desemba 8, 1864, akiwa na miaka 49, akazikwa Blackrock, karibu na Cork. Mtoto wake wa mwisho, Ethel, alikuwa wa miezi saba.

Mjane alihamia London na kufanya kazi ya maktaba, akaandika vitabu kuhusu namna ya kuwafundisha watoto hisabati. Mabinti nao hawakuwa watu wa hivi hivi. Alicia, ambaye kama babaye hakusomea chuo kikuu, alivumbua mengi kuhusu maumbo ya pande nne za anga ambayo jicho haliwezi kuyaona. Lucy akawa mwanakemia, na Ethel akaandika riwaya iliyotoka mwaka 1897 na kupendwa mno nchini Urusi. Kutokana na Mary Ellen alitoka kilembwe wa Boole, Geoffrey Hinton, mmoja wa wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2024 kwa kazi ya kuziwezesha mashine kujifunza.

Kutoka swichi hadi kijisanduku

Boole alikuwa ameacha ubishi mmoja bila kuumaliza. Katika hesabu yake, makundi mawili yangeweza kujumlishwa iwapo tu hayakuwa na kitu cha pamoja. William Stanley Jevons, msomi kijana, alimwandikia mwaka 1863 akipendekeza sharti hilo liondolewe, ili hiki au kile ijumuishe pia hiki na kile kwa pamoja. Boole hakukubali. Baada ya kifo chake rai ya Jevons ndiyo iliyoshinda, na OR ya mtandaoni hufuata Jevons: ukurasa wenye mhogo na mihogo pia hautupwi.

Kwa miaka zaidi ya 70 aljebra hiyo ilibaki mali ya wanafalsafa na wanahisabati wachache. Kisha mwaka 1937 kijana wa Marekani, Claude Shannon, aliyekuwa amejifunza mantiki ya Boole katika chuo kikuu cha Michigan, aliandika tasnifu ya uzamili katika taasisi ya MIT. Alionyesha kwamba swichi za umeme hutii kanuni zile zile. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, taa haiwaki hadi zote mbili ziwashwe. Zikiwekwa sambamba, moja yatosha. Hiyo ndiyo NA, na hiyo ndiyo AU. Tarakilishi zote za kisasa zimejengwa juu ya ugunduzi huo.

Wenye maktaba nao hawakulala. Katika miaka ya hamsini Mmarekani Mortimer Taube alieneza mtindo wa kuorodhesha nyaraka kwa maneno mafupi ambayo mtafutaji huyaunganisha mwenyewe. Mwaka 1972 huduma ya Dialog, iliyoanzishwa na Roger Summit katika kampuni ya Lockheed, ilianza kuuzwa kwa yeyote aliyeihitaji. Malipo yalihesabiwa kwa muda ambao mteja aliunganishwa, na kwa hivyo wakutubi waliandika maombi yao kwanza karatasini, kwa AND, OR na NOT, kabla ya kupiga simu. Aliyekosea alilipia kosa lake kwa dola.

Mtambo wa AltaVista ulipofunguliwa kwa umma Desemba 1995, maneno hayo matatu yalikuwamo kwa wale waliochagua kutafuta kwa kina. Google, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilifanya NA kuwa desturi isiyohitaji kuandikwa. Tangu hapo mitambo imezidi kujitwalia mamlaka ya kukisia haja ya mtumiaji. Mwaka 2011 Google iliiondoa alama ya kujumlisha, iliyokuwa ikiulazimisha mtambo kulitafuta neno kama lilivyoandikwa, na kuwataka watu watumie alama za usemi badala yake. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa pigo kwa wenye kujua wanachokitaka, kwa kuwa mashine inayokisia hukisia vyema zaidi katika lugha zenye maandishi mengi, na Kiswahili hakimo katika mstari wa mbele.

Nyumba ya Grenville Place mjini Cork, ambamo Boole aliishi akiandika kitabu cha 1854, ilibomoka sehemu yake mwaka 2010 na baadaye ikakarabatiwa. Chuo alichofundisha sasa ni University College Cork, na maktaba yake kuu ina jina lake.

OR, alama za usemi, site: na filetype: zingali zinafanya kazi. Alama ya kutoa pia, mradi mwanafunzi wetu wa Kilifi akumbuke kuacha nafasi kabla yake na asiache yoyote kati yake na neno analolikataa.